Mndimu wa Kwenye Ndoo Ukigeuka Njano: Chokaa Iliyomo Ndani ya Maji

Anza kwa kuangalia kilele. Mndimu, asumini, iksora au gadenia iliyopandwa kwenye ndoo au chungu huku ukanda wa pwani huugua kwa namna inayojirudia nyumba hadi nyumba. Majani machanga yanachomoza yakiwa ya kijani hafifu, kisha yanapauka na kuwa njano, ila mishipa inabaki na kijani chake, kama wavu mwembamba uliochorwa kwa kalamu. Majani ya chini, yaliyokomaa zamani, bado ni mazuri. Mwezi ukipita, majani mapya yanatoka madogo, karibu meupe, na kingo zake zinakauka. Mwenye mmea anaongeza samadi, hakuna nafuu. Anaongeza majivu kwa kuwa kaambiwa yana madini, na mmea unazidi kudhoofika.

Hiyo ni njaa ya madini ya chuma, na ajabu yake ni kwamba mara nyingi chuma kimo humo humo ndani ya ndoo. Kimeganda tu katika hali ambayo mizizi haiwezi kukinywa, na kilichokigandisha ni pH iliyopanda, yaani udongo kupoteza uchachu wake. Aliyepandisha pH kwa kawaida ni maji ya kumwagilia. Watu huhangaika na udongo, wanabadilisha mbolea, wananunua dawa za wadudu, na kila asubuhi wanaendelea kumimina chokaa iliyoyeyuka kwa kutumia kopo.

pH inafunga nini

pH ni kipimo cha tindikali. Kilibuniwa na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909. Huanzia 0 hadi 14: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali. Hesabu yake huenda kwa kumi kumi, kwa hiyo udongo wa pH 6 una tindikali mara kumi kuliko wa pH 7, na mara mia kuliko wa pH 8. Mtu akisema udongo wake umepanda "kidogo tu" kutoka 6.5 hadi 7.5, asidhani ni jambo dogo.

Mizizi hunywa kilichoyeyuka peke yake. Chuma ndicho chenye tabu kubwa kuliko madini yote: pH ikipanda kwa namba moja, kiasi cha chuma kinachoweza kuyeyuka kwenye maji ya udongo hupungua karibu mara 1,000. Manganizi na zinki nazo hupungua, na fosforasi hushikana na kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa) ikawa kama jiwe. Ndiyo maana samadi haisaidii: hata ingeletwa gunia zima, kinachokuja nayo kinakuta mlango umefungwa.

Kwa mimea mingi ya vyungu, kiwango kizuri ni 5.5 hadi 6.5 ikiwa mchanganyiko wa kupandia ni wa vumbi la makumbi ya nazi au magome, na 6.0 hadi 7.0 ikiwa sehemu kubwa ni udongo wa kawaida. Mchicha, sukuma wiki na bogenvilia huvumilia hata zaidi ya 7. Gadenia, iksora na stroberi hazina subira hiyo.

Mti wa ardhini una nafasi ya kukimbia. Mizizi yake huzama na kutafuta mahali penye nafuu, na mvua za masika huosha ardhi yote. Ndoo ya lita 20 haina pa kukimbilia. Udongo wake ni mchache, uwezo wake wa kukinza mabadiliko ni mdogo, na kila unachomimina kinajilimbikiza pale pale maji yanapokauka.

Mambo manne yanayochanganywa

Watu wa pwani husema "maji yetu ya chumvi" wakimaanisha mambo manne tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni chumvi yenyewe, ile unayoionja ulimini. Hii huunguza ncha na kingo za majani makubwa, na dawa yake ni kuosha udongo kwa maji matamu. La pili ni ugumu wa maji, yaani kalisi na magnesi. Sabuni haitoi povu na birika linajaa ukoko mweupe. La tatu ni pH ya maji. La nne, ambalo ndilo kiini cha makala hii na ndilo lisilotajwa kabisa, ni ualkali: akiba ya bikaboneti (kitu kinachofuta tindikali) iliyoyeyuka ndani ya maji. Hupimwa kwa miligramu kwa lita, ikihesabiwa kana kwamba yote ni kalisi kaboneti, yaani chokaa.

pH ya maji peke yake haikwambii kitu cha maana. Maji ya mvua yaliyokaa kwenye tangi la saruji yanaweza kusoma 8.2, na bado yakawa na ualkali wa miligramu 40 tu. Matone machache ya ndimu yanayashusha, na udongo hauyasikii. Maji ya kisima yanaweza kusoma 7.2 yanapotoka tu bombani, kwa sababu yametoka chini yakiwa na hewa ya kaboni ndani yake, lakini yakawa na ualkali wa 300. Hayo ya pili ndiyo yanayoua gadenia. Ualkali ni sawa na uzito wa mzigo. pH ni sawa na rangi ya gunia.

Mzigo wenyewe unatoka mwambani. Sehemu kubwa ya pwani, tangu Mombasa hadi Msasani, na mashariki na kusini mwa Unguja, imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Ni mwamba wa jamii ile ile unaochimbwa Bamburi na Wazo Hill kutengenezea saruji. Maji yanayopita humo huyeyusha chokaa na kupanda nayo kisimani, na si ajabu kukuta miligramu 250 hadi 350 kwa lita.

Tuhesabu kwa 250. Mndimu wa ndoo ya lita 20 unamwagiliwa lita moja kwa siku. Kila lita inaleta robo gramu ya chokaa. Kwa mwezi ni gramu 7.5, kwa mwaka gramu 91. Mkulima wa nyanda za juu anayetaka kupandisha pH ya ndoo kama hiyo kutoka kwenye uchachu mkali huweka gramu 40 hadi 60 za chokaa mara moja, basi. Wewe wa pwani unaweka karibu mara mbili ya hiyo kila mwaka bila kujua. Sehemu yake hutoka na maji yanayochuruzika chini na nyingine huliwa na tindikali ya mizizi na ya mbolea, lakini inayobaki inatosha kuifikisha ndoo kwenye 7.8 ndani ya msimu mmoja au miwili.

Kwa vyungu, ualkali wa 40 hadi 100 ni mzuri. Kati ya 100 na 150 unahitaji uangalizi. Ukizidi 150, mimea inayopenda uchachu haitakaa sawa mpaka ufanye jambo kuhusu maji, na chungu kikiwa kidogo zaidi shida inawahi kufika.

Ukoko wa birika ni dalili nzuri pwani, lakini usiutegemee kila mahali. Mitelemko ya Mlima Meru, upande wa Arumeru, visima na chemchemi nyingi zina bikaboneti ya sodiamu pamoja na floridi. Maji yake yanaweza kutoa povu vizuri na birika likabaki safi, huku ualkali uko juu. Huko kuna tatizo la ziada: floridi huunguza ncha za majani ya drasena hata pH ikiwa sawa, na dawa ya hilo ni maji ya mvua tu.

Kupima bila kudanganywa

Kwa ualkali, kipimo rahisi kuliko vyote hupatikana kwenye maduka ya samaki wa mapambo: kichupa cha matone kilichoandikwa KH. Unatia maji yako kwenye kijichupa, unadondosha tone moja moja huku ukitikisa, na kuhesabu hadi rangi igeuke. Kila tone ni karibu miligramu 18. Matone 5 ni karibu 90, huna haja ya kuhangaika. Matone 14 ni 250.

Kwa udongo, achana na vile vijiti viwili vya chuma visivyo na betri vinavyochomekwa kwenye chungu. Usomaji wake hutegemea unyevu na chumvi kuliko pH, na ukichomeka mara tatu unapata namba tatu. Kipimo cha kalamu chenye betri kinafaa, kwa sharti kirekebishwe kwa vile vipakiti vya unga vya 4.00 na 6.86 kila unapopima, na ncha yake isiachwe ikauke.

Njia ya kwanza: chota udongo kutoka katikati ya kina, mahali mizizi ilipo, si juu penye ukoko. Sehemu moja ya udongo kwa sehemu mbili za maji yaliyokenekwa (yasiyo na madini), koroga, acha nusu saa, koroga tena, pima. Maji yaliyokenekwa huuzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari kama "maji ya betri". Hapa tahadhari sana: asidi ya betri huuzwa duka hilo hilo, wakati mwingine kwenye chupa inayofanana. Soma lebo, na chupa isiyo na lebo usiinunue.

Njia ya pili haigusi mizizi. Mwagilia kama kawaida, acha maji yachuruzike, subiri dakika 30 hadi 60. Weka sahani safi chini, kisha mimina juu polepole maji yaliyokenekwa: mililita 75 kwa chungu chenye upana wa sentimita 15, mililita 350 au zaidi kwa ndoo ya lita 20. Haya yanasukuma chini maji yaliyokuwa yamekaa kwenye mizizi. Kinga mililita 50 za mwanzo na upime hizo. Ukifanya hivi kila mwezi na kuandika namba kwenye kibao cha ndoo, utaona pH inaelekea wapi kabla jani halijasema.

Kabla ya kuilaumu pH, utoe mmea kwenye chungu uangalie mizizi. Mizizi iliyooza kwa maji kutuama haiwezi kunywa chuma hata kingekuwepo, na majani yake hufanana kabisa na tulivyoeleza. Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya maziwa na haivunjiki ovyo. Iliyooza ni ya kahawia, inanuka, na ukiivuta ganda linabaki mkononi na uzi katikati. Tofautisha pia na njaa nyingine: njano inayoanzia majani ya chini na kuenea jani zima bila kubakiza mishipa ni upungufu wa naitrojeni, na njano ya majani ya chini inayobakiza kabari ya kijani karibu na kikonyo ni magnesi.

Chokaa nyingine iliyojificha

Maji hayako peke yake. Chukua mchanga ulionao, weka kijiko kimoja kwenye kisosi, kausha, kisha dondosha siki au maji ya ndimu na usogeze sikio. Mchanga wa ufukweni unachemka kwa povu dogo na unasikika ukichacharika, kwa sababu ni vipande vya matumbawe na makombe vilivyosagika. Mchanga wa mto haufanyi lolote. Fanya jaribio hilo hilo kwa kokoto unazoweka chini ya chungu ili maji yatoke, na kwa yale mawe meupe ya mapambo ya juu. Kokoto za matumbawe chini ya chungu cha gadenia ni kosa linaloonekana kila mtaa.

Ukishapanda kwenye mchanganyiko wenye mchanga wa ufukweni, usijaribu kuushinda kwa dawa. Gramu moja ya salfa ikigeuka tindikali huyeyusha gramu 3 za chokaa. Kilo moja ya mchanga huo ndani ya ndoo ingetaka karibu gramu 300 za salfa, na kabla hujafika nusu yake mmea umeshaungua kwa chumvi. Mwaga, panda upya.

Chungu kipya cha saruji hutoa chokaa kila kinapolowa. Kijaze maji, yabadilishe kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki tatu hadi nne, au kitandike nailoni ngumu ndani na uitoboe chini kabla ya kupanda. Majivu ya jikoni yana pH ya 10 na zaidi. Kwa bustani ya Njombe yenye udongo mchachu ni mbolea, kwa ndoo ya Mombasa ni sumu ya polepole. Tena ukiyachanganya na urea au SA (mbolea ya salfeti ya amonia), utasikia harufu kali ya amonia: hiyo ni naitrojeni uliyoilipia ikiruka hewani. Samadi ya kuku wa mayai nayo ina kalisi nyingi, kwa kuwa kuku hao hulishwa chokaa ili maganda yawe magumu. Ya ng'ombe iliyooza vizuri ni nafuu, lakini isizidi moja ya tano ya mchanganyiko.

Mchanganyiko unaokaa vizuri pwani ni huu, kwa ujazo: udongo mwekundu usiochemka kwa siki sehemu nne, vumbi la makumbi sehemu tatu, mboji iliyoiva sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja. Kuhusu makumbi, ulizia yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa pwani baharini ili kutoa usumba wa kamba yamenyonya chumvi. Yaloweke kwenye maji matamu usiku kucha, kamua, rudia mara tatu, na maji ya mwisho yasiwe na ladha ya chumvi hata kidogo.

Kurekebisha, kwa mpangilio wake

Punguza kwanza chokaa inayoingia, kisha ushushe iliyokwisha kuingia, halafu ndipo ulishe chuma. Watu wengi huanzia mwisho: wananunua chuma, jani linapata rangi wiki mbili, linarudi kule kule.

Maji ya mvua ndiyo dawa ya kwanza na ya bei nafuu. Hayana bikaboneti ya kutajwa. Kinga masika na vuli, yahifadhi kwenye tangi la plastiki, na uyatunzie mimea inayodai uchachu. Mchicha na bogenvilia vipe ya kisima. Hata kuchanganya nusu kwa nusu kunashusha 250 hadi 125. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yana karibu usafi wa maji yaliyokenekwa, na nyumba nyingi za mjini zinayaachia yatiririke ukutani. Weka ndoo. Kuchemsha nako hutoa sehemu ya bikaboneti: ule ukoko unaobaki kwenye sufuria ndio chokaa ambayo ingekwenda chunguni. Acha maji yapoe na ukoko utulie, chota ya juu. Kwa vyungu viwili ni sawa, kwa ishirini mkaa hautoshi.

Kama kisima ndicho pekee ulichonacho, yatie maji tindikali. Kwa ndoo ya lita 20 yenye ualkali wa 250, gramu 5 za asidi ya sitriki, yaani kijiko kimoja cha chai, huushusha hadi karibu 80. Badala yake unaweza kutumia mililita 100 za maji ya ndimu au limau yaliyochujwa, au mililita 85 za siki ya asilimia 5. Koroga, pima papo hapo: ukisoma karibu 6.0, theluthi mbili ya bikaboneti imegeuka hewa ya kaboni. Ukipima kesho yake utakuta namba imepanda kidogo. Usiongeze, ni hewa ya kaboni imetoka. Ukishuka chini ya 5 umezidisha, ongeza maji ya kisima.

Asidi hizi za jikoni zina kasoro moja ambayo ni haki kuijua. Ni chakula cha bakteria. Wakishaila ile sitriki udongoni, sehemu ya bikaboneti hurudi. Zinafaa kwa vyungu vichache na kwa kipindi cha kiangazi, lakini zisitegemewe peke yake mwaka mzima. Asidi ya betri, kwa upande mwingine, haina kasoro hiyo lakini inapofua macho, na iliyotoka kwenye betri kuukuu ina risasi itakayoingia kwenye ndimu utakazokula. Isiingie bustanini kabisa. Shabu ya kusafishia maji nayo watu huitumia kwa kuwa inashusha pH kweli. Inafanya hivyo kwa kuacha alumini udongoni, na mizizi ya ndimu haiipendi.

Kinachodumu zaidi ni kuchagua mbolea inayofanya kazi hiyo. SA, ile mbolea nyeupe ya chembe kama sukari, ina naitrojeni ya amonia. Bakteria wanapoigeuza kuwa naitreti hutoa tindikali: kwa hesabu inayotumika kote, kilo 100 za SA hufuta karibu kilo 110 za chokaa. Kumbuka ile gramu 7.5 ya kila mwezi. Kijiko kimoja cha chai cha SA, gramu 5, kikiyeyushwa na kugawanywa katika mara nne za mwezi, kila mara ndani ya angalau lita moja na nusu ya maji, kinafuta sehemu kubwa yake, na mndimu unapata naitrojeni humo humo. Mwagilia kwanza maji matupu ndipo utie ya mbolea, maana mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi. CAN (mbolea ya kalisi na amonia naitreti) haina nguvu hiyo, na kalisi naitreti huvuta upande wa pili, inapandisha.

Kwa pH iliyokwisha kupanda ndani ya mchanganyiko usio na mchanga wa ufukweni, tumia salfa ya unga. Ni ile ile inayopuliziwa mikorosho Mtwara na Lindi dhidi ya ubwiriunga. Nusu gramu kwa kila lita ya udongo: gramu 10 kwa ndoo ya lita 20, zikwanguliwe sentimita tatu za juu, kisha umwagilie. Salfa yenyewe si tindikali. Bakteria wa udongoni ndio huigeuza, na wanataka joto, unyevu na hewa. Joto la pwani linatosha, lakini subiri wiki sita hadi nane upime upya kabla ya kuongeza. Anayeongeza kila wiki kwa kuwa "haifanyi kazi" hukuta imefanya kazi yote kwa pamoja mwezi wa tatu tangu aanze. Udongo uliojaa maji haubadilishi salfa kuwa tindikali, huibua harufu ya yai viza.

Chuma chenyewe sasa. Salfeti ya chuma ikimwagwa kwenye udongo wa pH 7.5 huganda ndani ya siku chache, ile rangi ya kutu unayoiona juu ndiyo hiyo. Ipulizie majani kama huduma ya kwanza: gramu 2 kwa lita, jioni, matone mawili ya sabuni ya maji ili ishike, mbali na sakafu na kuta maana inaacha madoa yasiyotoka. Cheleti za chuma, yaani chuma kilichoshikiliwa na kiungo kinachokizuia kisigande, ni bora zaidi kwa udongo, ila soma herufi kwenye paketi. EDTA hushikilia chuma hadi pH ya 6.5 hivi, ikipita hapo inakiachia. DTPA hufika 7 na kidogo. EDDHA huvumilia hata 9, na ndiyo pekee yenye maana kwa chungu kilichokwisha kuharibika. Ukiiyeyusha maji yanakuwa mekundu mazito kama juisi ya rosela. Ina bei, kwa hiyo ni hasara kuitumia mwaka hadi mwaka huku kisima kinaendelea kuleta chokaa.

Mvua za masika zikianza, toa vyungu nje ya baraza. Usipoweza, vioshe kwa maji ya mvua uliyokinga: mara mbili ya ujazo wa chungu, polepole, lita 40 kwa ndoo ya lita 20, mashimo ya chini yakiwa wazi. Baada ya hapo rudisha mbolea kidogo, kwa sababu naitrojeni imetoka na chumvi.

Nyanda za juu mambo ni kinyume

Msomaji wa Kericho, Limuru, Njombe, Lushoto, au wa milima ya Rwanda na Burundi asichukue dawa hizi akazitumia. Ardhi inayostawisha chai ina uchachu, mara nyingi 4.5 hadi 5.5, na maji ya huko kwa kawaida ni mepesi. Chini ya 5, alumini na manganizi huyeyuka kupita kiasi. Mizizi inakuwa mifupi, minene, bila vijinyuzi, na mmea unadumaa hata ukilishwa. Hapo chokaa ya kilimo ndiyo dawa: gramu 2 kwa lita ya udongo, gramu 40 kwa ndoo, ikichanganywa wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda. Ile yenye magnesi, dolomaiti, ni bora. Chokaa ya kupaka nyumba ina nguvu na kasi zaidi na huunguza miche, usiitumie kwenye chungu chenye mmea. Huko majivu ni rafiki, kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo. SA ikitumika mfululizo bila chokaa itashusha udongo hadi mboga zikatae kukua.

Ukisharekebisha, usitazame majani yaliyokwisha kugeuka njano. Yaliyopauka sana hayarudi kijani, na ukiyatazama utaamini umeshindwa na kuanza kuongeza dawa. Yaache yadondoke yenyewe, bado yanafanya kazi kidogo. Tazama chipukizi. Ukiwa umetumia EDDHA, majani mapya hutoka na rangi yake ndani ya wiki mbili hadi tatu. Ukiwa umetegemea SA na maji ya mvua tu, ni miezi miwili au mitatu. Funga uzi kwenye tawi moja, chini kidogo ya chipukizi, siku ile unayoanza. Jani la kwanza litakalofunguka juu ya uzi likiwa la kijani tupu hadi kwenye kingo, bila wavu, ndiyo ishara ya kuacha dawa na kubaki na ratiba ya maji.